Kitufe cha shingoni kwa wazee: uzoefu wangu baada ya miaka sita ya zamu za usiku

Nafanya kazi kwenye makazi ya wazee huku Minnesota, Marekani, zamu ya usiku, mwaka wa sita sasa. Ndiyo kazi ambayo sisi tuliotoka nyumbani tunaiita "kuosha wazee", jina ambalo sijawahi kulipenda. Haipiti wiki mbili bila mtu wa Mombasa au Dar kuniuliza: kile kitufe cha dharura kinachovaliwa shingoni, nimnunulie mama? Nimejibu kwa ujumbe wa sauti mara nyingi, leo naandika.

Kidude chenyewe ni kidogo kuliko kiberiti, kina kamba. Mzee akikibonyeza, ishara inafika kwenye mitambo ya jengo na simu tunazobeba wahudumu zinalia, namba ya chumba ikionekana. Kwa anayekaa nyumbani kwake, ishara huenda kwenye kisanduku kilichowekwa ndani, nacho kinapiga simu kituo chenye watu usiku na mchana. Vya kisasa vina kihisi mwendo: mwili ukishuka ghafla, ukagonga chini, ukatulia, kinapiga chenyewe bila kubonyezwa. Kwetu gharama imo ndani ya kodi ya chumba. Anayejinunulia hulipa ada ya kila mwezi, mara nyingi kati ya dola 30 na 50, na Medicare ya kawaida, bima ya afya ya serikali kwa wazee, hailipi hata senti.

Kinapofanya kazi, kinaokoa. Nimeitwa saa nane usiku nikamkuta mzee amekaa sakafuni kando ya kitanda, mwili bado una joto, anaongea vizuri, tukamnyanyua na mwenzangu na asubuhi akanywa chai yake. Kuanguka si jambo la nadra: takwimu za serikali ya Marekani zinasema kila mwaka zaidi ya mtu 1 kati ya 4 waliofika miaka 65 huanguka. Na kinachomdhuru mzee si kishindo peke yake, ni pia ule muda wa kulala chini. Saa zikipita maji mwilini yanapungua, misuli inayokandamizwa inaanza kuharibika, ngozi inachubuka, baridi inamwingia.

Sasa nieleze usiku mmoja.

Kuna bibi wa miaka 88, mwalimu wa kinanda zamani. Mimi humwita Bibi, nilimfundisha neno hilo na akalipenda, akawa ananisahihisha nikimwita kwa jina. Saa kumi alfajiri nilikuwa napita vyumbani kama kawaida. Chake kimya, kitanda kitupu, taa ya bafuni inawaka. Nilipousukuma mlango haukufunguka wote, uligonga mguu wake. Alikuwa amelala ubavu kati ya choo na ukuta, taulo amelikumbatia kifuani kwa sababu ya baridi ya vigae. Midomo imekauka, imepasuka. Na kile kitufe kilikuwa kinaning'inia kwenye kitasa cha mlango, juu ya kichwa chake, hatua moja tu kutoka kwenye mkono usioweza kukifikia. Alikuwa hapo tangu saa saba na kitu.

Jambo la kwanza aliloniambia ni, "Tafadhali usimwambie binti yangu."

Baada ya siku chache, nyonga haikuvunjika alhamdulillahi, nikamuuliza mbona alikivua. Sababu zilikuwa mbili. Alidhani maji yatakiharibu, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kimetengenezwa kuvaliwa hata kuogea. Ya pili aliisema akitazama dirishani: "Nimefundisha muziki miaka 40. Nikikaa mezani na kile kitu shingoni, watu wanaiona kamba kabla hawajaniona mimi."

Si yeye peke yake. Watafiti wa Cambridge, Uingereza, waliwafuatilia watu waliopita miaka 90 na wakachapisha matokeo mwaka 2008: kengele za dharura zilikuwapo, lakini wengi wa waliolala sakafuni muda mrefu hawakuzitumia. Nilipolisoma hilo niliona vyumba vyetu vyote. Kitufe kwenye droo. Kitufe kwenye mguu wa kitanda. Kitufe ndani ya mkoba, mkoba kabatini. Kwa hiyo mtu akiniuliza kipi ni bora, siku hizi sianzi na betri wala masafa. Nauliza: mama yako atakivaa chooni saa tisa usiku? Kama hujui jibu, usinunue bado, kaa naye kwanza.

Kwa Bibi tulibadilisha. Familia ilikubali achukue cha mkononi, kinachofanana na saa. Amevaa saa maisha yake yote, mkono wake unajua. Tangu hapo sijawahi kumkuta bila nacho, na huu ni mwezi wa kumi na moja. Saa janja nazo zinafanya kazi hiyo. Apple Watch ilianza kutambua kuanguka mwaka 2018. Jambo la kuangalia ni chaji: saa inayotaka chaji kila siku huvuliwa usiku ili ichajiwe, na usiku ndio wakati mzee anaamka kwenda haja. Chagua ya betri inayokaa siku nyingi, au mzoeze aichaji mchana akiwa anakula.

Usitegemee mno kidude kutambua kuanguka chenyewe. Mzee akiteleza polepole kutoka kitandani akiwa ameshika shuka, mara nyingi kidude hakihisi kitu, kwa sababu hakuna kishindo. Na kuna baba mmoja, akijitupa tu kwenye kochi, simu zetu zinalia. Nimekimbilia chumba chake mara nyingi na nitaendelea kukimbia, lakini ukishaitwa bure mara kumi katika zamu moja yenye wahudumu wawili, kuna mlango mwingine unachelewa kufunguliwa. Hilo linaniuma, na wanaouza vifaa hawalisemi.

Kitu cha bei rahisi kilichonishangaza ni taa zinazowaka zenyewe mtu akishusha miguu kitandani. Tuliweka ya rangi ya njano, chini karibu na sakafu, kutoka kitandani hadi bafuni. Hazimtaki mzee avae chochote wala akumbuke chochote. Kamera sizipendekezi haraka. Hapa Minnesota, tangu 1 Januari 2020, sheria inaruhusu kuweka kamera chumbani kwa ridhaa ya mkaazi, na kama wanakaa wawili, wa pili naye lazima akubali. Nafurahi ridhaa hiyo imeandikwa kwenye sheria. Mzee anayevalishwa nepi na mtu baki ana haki ya kujua nani anamtazama.

Lakini kama ningepewa pesa za kutumia kwenye jengo letu, ningezipeleka kwanza kwenye tai chi, mazoezi ya polepole yenye asili ya China. Mwalimu anakuja mara mbili kwa wiki, wazee kumi na kitu wanasimama nyuma ya viti vyao, wanahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule, taratibu kama mtu anayevuka maji asiyoyajua kina. Mwanzoni nilidhani ni kuwapotezea muda. Mapitio ya mwaka 2019 ya Cochrane, shirika linalochambua tafiti za afya, yaliyokusanya majaribio mengi duniani, yaliona mazoezi kwa jumla yanapunguza kuanguka kwa karibu asilimia 23. Niliyaamini nilipomwona Bibi. Alianza akiwa ameng'ang'ania kiti kwa mikono miwili. Kufikia masika alikuwa anagusa kwa vidole tu, vile vidole virefu vya kinanda, kama anayetafuta noti. Kitufe humsaidia mtu akishaanguka. Haya mazoezi yanamsaidia asianguke.

Ndiyo maana mamangu aliyeko Likoni, Mombasa, mwenye miaka 76, sikumnunulia kitufe. Kile cha hapa kimefungwa na kituo cha hapa. Ukikipeleka nyumbani unakuwa umepeleka kamba na plastiki, hakuna wa kupokea. Nilituma pesa fundi akaweka vishikio viwili chooni, kimoja ukutani na kimoja mlangoni, vya bomba la chuma lililofungwa kwa skrubu ndefu, maana kishikio kinachong'oka ni hatari kuliko kutokuwa nacho. Tukatoa ule mkeka wa sebuleni uliokuwa unakunja pembe. Taa ya chaji iko kando ya kitanda. Simu yake ya vitufe, ukiibonyeza 2 kwa muda, inampigia jirani, na jirani ana ufunguo wa akiba. Hayo yote hayakufika ada ya miezi minne ya kitufe cha huku.

Na kila Jumapili tunapigiana kwa video. Namwamkia, ananiitikia, kisha anavuta kiti cha mbao cha jikoni na kukiegemeza ukutani. Anakunja mikono kifuani, anasimama na kukaa, anasimama na kukaa, kwa sekunde 30, mimi nahesabu. Kipimo hiki wanakitumia hapa kwa wazee: mwanamke wa umri wake asiyefika mara 10 anahesabiwa yuko katika hatari ya kuanguka, na akisukuma kwa mikono haihesabiwi kabisa. Mara ya kwanza alifika 5, akasema, "Mwanangu, magoti haya si yangu." Jumapili iliyopita alifika 9, akataka nihesabu upya kwa sababu alikuwa na hakika ni 10.