Nimepiga benga kwa Ibanez RG, na duka bado limenikera

Nianze na duka, maana hasira haijaniisha. Kuna duka moja la vyombo vya muziki hapa katikati ya jiji, magitaa yamening'inia ukutani mpaka karibu na dari, na anayehudumu humo ni kijana ambaye hafai kuachiwa wateja. Nilimrudishia Ibanez RG, gitaa la umeme nililonunua kwao. Ilikuwa imetoka kwa fundi wao huyo huyo, na nyuzi zilikuwa zimenyanyuka juu ya shingo hivi kwamba vidole vinachoka kabla wimbo haujachanganya. Hata kuishika hakuishika. Aliitazama ikiwa ndani ya begi akasema, "Mzee, hiyo ni ya watu wa roki. Nyinyi wa benga mngechukua tu zile za bei ya chini pale."

Nyinyi wa benga! Mbele ya wateja wengine, na mmoja akacheka.

Huyo kijana amewahi kusimama karibu na mpiga solo wa benga, muziki wetu wa magitaa wa Kenya? Wimbo ukifika ile sehemu ambapo waimbaji wananyamaza na solo inapanda juu kabisa ya shingo, mkono haupumziki. Vidole vinakimbia noti kwa noti, mzunguko baada ya mzunguko, na sauti ni safi, haina mkwaruzo wa kufichia kosa. Ukiteleza, ukumbi mzima umesikia. Mtindo wenyewe ulianzia kwa watu waliotaka gitaa lidonoe kama nyatiti, kile kinubi cha Wajaluo, na aliyemsikiliza mkongwe wa benga D.O. Misiani na bendi yake ya Shirati Jazz hahitaji kuelezwa kuhusu kasi. RG ilitoka mwaka 1987 kwa ajili ya wapigaji wa roki wenye haraka, sawa. Lakini haraka si mali yao peke yao.

Sasa kilichoharibika. Nilitaka nyuzi za kumi badala ya zile za tisa zilizokuja nayo (namba ni unene wa uzi), kwa sababu nyuzi nyembamba zinanipa solo isiyo na mwili. Fundi wa duka akafunga, akanirudishia, nikalipa. Kwenye gitaa la namna hii briji, kile chuma kinachoshika nyuzi mwilini mwa gitaa, haikukazwa kwenye mbao, inaelea: nyuzi zinaivuta mbele, springi zilizo mgongoni zinairudisha nyuma. Ukiweka nyuzi nene zaidi, mvuto wa mbele unazidi, na ni lazima ukaze springi mpaka briji ikae sawa. Yeye kifuniko cha mgongo hakukifungua kabisa. Briji ikainama, nyuzi zikapaa, na kila nikituni uzi mmoja mingine inashuka. Wikendi hiyo tulikuwa na harusi Kasarani. Nilipiga kwa Stratocaster, gitaa la umeme la aina nyingine, ya mwenzangu wa ridhimu, yeye akaazima nyingine.

Na hapo ndipo nilipoanza kuichukia RG. Stratocaster kwa sauti ni kiboko. Inang'aa, kila noti inasimama peke yake, besi inaunguruma na bado solo inasikika mpaka kwa wapishi nyuma ya hema. RG yangu ukiiachia ile pikapu nene ya nyuma (pikapu ni kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi), noti zinagandana kama uji uliolala. (Les Paul nimeipiga kidogo tu. Tamu, sauti inadumu, lakini kwa solo yetu naiona nzito.) Nilirudi nyumbani nimeamua kuiuza, na maneno ya kuandika hapa nilikuwa nayo tayari: mpiga benga, nunua Stratocaster, usitafute makuu.

Ila kabla ya kuiuza nikaipeleka kwa fundi mwingine, River Road, mzee asiye na bango wala risiti. Alifungua mgongo, akakaza skrubu mbili zinazoshika springi, akatuni, akakaza tena kidogo, akatuni. Chai yangu haikupata nafasi ya kupoa. Kazi ndogo hivyo! Yule kijana alikuwa na bisibisi mezani pake, akaona matusi ni rahisi zaidi.

Basi nikaichomeka nyumbani. Shingo ile ni nyembamba na bapa, kidole kinateleza bila kuulizwa. Kwenye Stratocaster, nikipita freti ya kumi na tano lile pembe la mbao pale shingo inapoungana na mwili linanigonga kiganja. Kwenye RG napanda mpaka ya ishirini na nne na mkono haujui kama umefika juu. Na ile sauti iliyoganda? Sogeza swichi nafasi ya pili au ya nne: pikapu nene inagawanyika, inashirikiana na ile ya katikati, na sauti inafunguka. Si Stratocaster, sidanganyi. Ile ya harusi ilikuwa na utamu ambao bado unanisumbua. Lakini solo ambazo nilikuwa nazikata nusu kwa sababu ya mkono, sasa nazimaliza.

Kwa hiyo RG siiuzi. Ukienda kununua gitaa lenye briji ya kuelea, duka lolote lile, waambie walichomeke kwenye amplifaya ulisikie, kisha wafungue mgongo ukiwa umesimama hapo hapo. Wakikataa, toka. Na wakikuuliza unapiga muziki gani, waambie benga, kwa sauti ya kusikika.