Antena yenye busta imeniharibia usiku wa vimondo

Msiinunue hii antena ya fimbo mbili za alumini. Na kama mmeshainunua, msiitupe kwanza.

Kunasa vimondo kwa redio ya FM kunahitaji kitu kimoja: masafa yaliyo kimya. Unachagua masafa yasiyo na kituo hapa Mwanza, ila yana kituo chenye nguvu mbali, kilomita 800 hadi 1,500. Dar es Salaam imo humo. Kimondo kikiungua angani, kama kilomita 100 juu, mkia wake unarudisha mawimbi chini; kituo cha mbali kinachomoza nusu sekunde, pengine sekunde kadhaa, kisha kimya.

Sasa huyu muuzaji ameficha busta ya TV, yaani kikuza mawimbi, ndani ya kiboksi cheusi cha antena! Usiku wa Jeminidi, mvua ya vimondo ya kila Desemba, tangu saa saba mpaka alfajiri, kila masafa matupu yalipiga bongofleva ya kituo cha hapa hapa mjini. Minara iko karibu, busta inakuza kila kitu, redio inalemewa na kuzaa vituo vya uongo. Adapta yake nayo inavuma.

Niliporudi dukani kuomba aitoe tu, kazi ya dakika tano, akanijibu mbele ya wateja: "Mzee, kama unatafuta nyota nenda kwa mganga." Mpaka leo linaniuma.

Nimeifungua mwenyewe. Fimbo moja lehemu yake ilikuwa imeachia kabisa. Ng'oa busta na adapta, unga waya wa kati wa kebo kwenye fimbo moja na wavu unaouzunguka kwenye nyingine. Kila fimbo iwe sentimita 71 kwa masafa ya MHz 100. Chini ya kiboksi viringisha kebo hiyo mara nne au tano, upana wa kikombe, ufunge kwa tepu. Ziba kiboksi juu kwa silikoni, acha tundu chini maji yatoke. Kwa Dar, fimbo zilale kaskazini-mashariki kwenda kusini-magharibi. Usidanganywe na eropleni: mwangwi wake huja polepole ukitetemeka, wa kimondo huanza ghafla ukafifia.

Sasa inanasa vizuri mno. Basi kauli yangu naipunguza: alumini yake ni nzito, na upepo wa ziwani haujaipinda. Akikubali kukuuzia bila busta, chukua.

Hapana, usichukue. Nenda kwa mafundi wa madirisha ya alumini, wakukatie fimbo mbili. Wale hawamtukani mteja.