Fremu mbili, ufa mmoja: uzoefu wangu na baiskeli za friraidi

Ufa niliuona siku ninaosha baiskeli yangu ya friraidi, yaani ya kuruka miamba na kushuka milima. Bahati yangu sikuuona nikiwa hewani. Chini ya shingo, lile bomba fupi la mbele linaloshika foki, pale bomba la chini lilipochomelewa, palikuwa na mstari mweusi mwembamba kama unywele. Nikadhani ni tope. Nikafuta kwa kitambaa, haukutoka. Nikapitisha ukucha, ukanasa.

Fremu ilikuwa ya alumini, ya kampuni kubwa ambayo jina lake silitaji. Nilikuwa nimeiendesha misimu mitatu, kazi yake kuruka miamba, na mara nyingine kutua vibaya kwenye tambarare. Nikawaandikia kuhusu ile waranti yao ya maisha. Wakajibu kwa adabu kwamba ni ya mnunuzi wa kwanza tu, nami niliinunua imeshatumika. Halafu, niseme ukweli, nilikuwa nimeifunga foki ndefu ile inayobana shingo juu na chini kama ya pikipiki, wakati kitabu chao kilikataza. Foki ya namna hiyo ni wenzo mrefu: kila ukitua, shingo ndiyo inayovutwa.

Fundi wangu alikataa kuichomelea. "Siku ikikatika utanilaumu mimi," akasema. Alikuwa sahihi. Alumini ya 6061, ambayo fremu nyingi hutengenezwa nayo, hupoteza nguvu kuzunguka pale ilipochomelewa, na kiwandani huirudishia kwa kuipasha moto upya fremu nzima. Tena alumini si kama chuma cha pua au cha kawaida. Hata mishtuko midogo huila taratibu. Kwa hiyo fremu ya alumini ina umri, hata uitunze vipi.

Kuhusu sifa za majina makubwa, naziheshimu kwa kiasi. Baiskeli ya Kona Stinky ilijipatia jina kwenye njia za mbao za North Shore, British Columbia, Kanada, na jina hilo halikuja bure. Lakini watu wakitazama Red Bull Rampage, mashindano ya friraidi yaliyoanza Utah, Marekani, mwaka 2001, huondoka wakidhani fremu ile ile ya dukani itawavumilia miaka kumi. Washindani wale wana wadhamini na mafundi wao. Mimi fremu ikipasuka napasuka nayo mfukoni.

Fremu ya pili sikuichagua kwa jina. Niliinunua mpya, nikatunza risiti, na nilitafuta stika ya kategoria ya matumizi, ya 5, ambayo ndiyo ya kuruka na kushuka milima kwa kasi. Ile ya kwanza kumbe ilikuwa ya 4! Hii ina kibati cha kukaza chini ya shingo na mabomba manene. Ni nzito, mlimani naisukuma kwa miguu bila aibu. Malalamiko yangu ni beringi za nyuma: zilianza kulia msimu wa kwanza tu, nikabadilisha zote. Msimu wa nne huu, shingo ni nzima, na kila nikiosha naanzia pale.

Ile ya zamani niliikata kwa msumeno, nisije nikashawishika kumuuzia mtu. Nje ufa ulionekana kama sentimita mbili. Ndani, chini ya rangi, ulikuwa umeshazunguka karibu nusu ya bomba.