"Bibi, sogea kidogo": siku yangu kwenye kijiji cha tamthilia, upande wa Mikindani

Nianze na bibi, kwa sababu bila yeye nisingeandika. Mengine yote ningeyameza.

Alikuwa amekaa kibarazani kwake, miguu ameinyoosha, ungo wa ming'oko, vile viazi pori vya kwetu Kusini, mapajani, anaipangusa mchanga mmoja mmoja bila haraka. Sisi watu sita tumejaa uani, simu juu. Kijana anayetutembeza, bila shikamoo wala hodi, akasema: "Bibi, sogea kidogo, unaziba mlango."

Mlango wa kwake mwenyewe.

Wifi yangu alikuwa ameshuka kutoka Dar, korosho zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kudondoka. Ni mlevi wa tamthilia moja, jina silitaji, sitaki kesi. Kwenye hiyo tamthilia kijiji kinaitwa cha Tanga. Tanga! Mimi nilikigundua siku nyingi, maana kuna sehemu mtoto anapita nyuma ya wagombanao na sinia la ming'oko kichwani. Nikapiga kelele sebuleni peke yangu: huku ni kwetu! Sisi watu wa Kusini tumezoea, korosho yetu inajulikana dunia nzima, ila tukipigwa picha tunaitwa Tanga. Basi wifi alipoona tangazo kwenye simu la "tembelea kijiji cha tamthilia", hakulala. Shilingi elfu ishirini na tano kila kichwa, risiti hakuna, mnakutana kituoni Mikindani.

Kutoka Mtwara Mjini mpaka Mikindani ni kama kilomita kumi, daladala inakushusha kabla hujamaliza kusoma meseji. Nilidhani tutaanza na mji wenyewe. Pale kuna boma la Wajerumani la mwaka 1895, kuna nyumba za mawe ya matumbawe na milango ya nakshi, na kuna nyumba yenye kibao cha Livingstone, aliyepita hapo mwaka 1866 akielekea bara na asirudi tena. Kijana akavipita vyote kama anapita jalala. Akasimama kwenye ukuta uliobomoka akatangaza: "Hapa ndipo alipoachwa!" Wifi akashika kifua. Nikanuna, ingawa niseme ukweli, nimeishi Mtwara miaka yote hii na kule bomani kwenyewe nimepanda mara moja, tena kwa ajili ya harusi ya mtu.

Halafu bodaboda hadi kijijini. Pale ufukweni ndipo wapenzi wa tamthilia wanapokimbizana mchangani, kwa hiyo kila mtu alitaka kukimbia. Mchanga haukuwepo. Maji yamejaa mpaka kwenye mizizi ya mikoko, siku zenyewe za bamvua. Kijana wa pwani asiyejua maji yanajaa saa ngapi! Tukasimama kama kuku wa mvua. "Mngewahi," anatuambia, na saa alitupangia yeye.

Lakini nisimwonee. Kipaji anacho. Chini ya mkorosho mkubwa alituigizia lile baba katili la kwenye tamthilia, sauti, kikohozi, bakora na yote, nikacheka mpaka machozi. Wakati ule ningempa nyota tano na soda juu. Hata picha za mlango wa bibi, ule wa bluu wa kwenye tamthilia, nilikuwa nimeshaanza kupiga. Naliweka hili wazi kabla hamjaniona malaika: aliposema "sogea kidogo", simu yangu nami ilikuwa juu.

Na bibi akasogea. Hilo ndilo lililonikata. Alishika ungo kwa mkono mmoja, akajivuta kwa makalio hadi pembeni ya kibaraza, juani. "Haya, pigeni," akasema. Kijana akaangalia, hakuridhika: "Bado kanga." Akaenda kwenye kamba, akaikwanyua kanga ya bibi iliyoanikwa, akaitupa juu ya tawi la mkorosho. Kanga mbichi, kwenye utomvu wa mkorosho! Anayejua doa la mkorosho anajua ninachosema. Halitoki mpaka kanga iwe tambara la kudekia.

Nikashusha simu, nikaenda kumwamkia. "Marahaba mjukuu wangu, hamjambo?" Nikamuuliza kama anapewa chochote. Akanieleza kwamba waliokuja kupiga tamthilia walimpa unga, sukari na kanga. Ndiyo hiyohiyo iliyo juu ya mti. Mlango wake haukuwa wa bluu, walipaka wao, wakaahidi kurudi kuupaka upya, na sasa chumvi ya bahari imeubambua. "Na hawa wanaokuja sasa?" Akatazama ungo wake. "Wao wanakuja na salamu tu." Leo hata hiyo hawakuja nayo.

Nikamfuata kijana. "Dada, hii ni biashara, bibi ameshazoea." Ameshazoea! Nikampa maneno. Akanijibu kama sitaki picha nikakae kwenye bodaboda nisubiri wenzangu. Wifi akanivuta mkono, "Wifi, usituharibie siku." Nikampa bibi elfu kumi, nikaitungua kanga mwenyewe, na kijana akanipigia kelele kwa nyuma kwamba ninawazoesha watu vibaya. Ninawazoesha vibaya mimi!

Kwa hiyo msiende. Ila yule mama wa samaki wa kukaanga pale njiani aliuza sinia zima kwa kundi letu, na watu wa bodaboda siku hiyo walipata riziki. Mkiacha kwenda, atakayeumia wa kwanza si kijana yule. Basi nendeni, lakini nendeni wenyewe: ulizeni ofisi ya kijiji, pigeni hodi, amkieni, na mkono usiwe mtupu. Au msiende kabisa, sijui, kila nikiikumbuka ile kanga navuruga nilichoandika.

Jioni hiyohiyo meseji ikaingia: "Dada naomba unipe nyota tano, ndiyo ugali wetu." Nimempa moja. Wifi ameshampa tano, na picha ya mlango wa bluu ameiweka ya kujitambulisha, mlango peke yake, safi kama kwenye tamthilia. Ukiikuza, pembeni chini, kuna ukingo wa ungo.