Mkia wa nguva uliochakaa: ushone mto au mfuko?

Klorini ya bwawa hula elastani, uzi unaovutika wa mkia wa nguva (vazi la kuogelea lenye umbo la mkia wa samaki), ndiyo maana mkia hulegea kabla magamba hayajafifia. Toa kwanza pezi la plastiki lililomo ndani. Kama halijapasuka, litafaa mkia mwingine.

Mto ni rahisi. Kipande cha mapajani tayari kina umbo la bomba, kwa hiyo unashona ncha mbili tu na kujaza mabaki ya vitambaa. Usishindilie, magamba yatatanuka vibaya.

Mfuko wa kubebea nguo zilizolowa una kazi zaidi: sindano ya ncha butu, mshono wa zigizagi, na bitana isiyovutika, la sivyo utaning'inia hadi magotini. Lakini mtoto anayeogelea bado? Mshonee mfuko.