Huduma ya kuzoa taka mtaani kwetu Lamu: tathmini baada ya mwaka mmoja

Kwa mwaka mmoja sasa nyumba yetu, iliyo katika kichochoro kimoja cha Lamu mjini, imehudumiwa na kikundi cha vijana na kina mama wa mtaa ambacho huzoa taka nyumba kwa nyumba kwa ada ya shilingi 200 kwa mwezi. Sitakitaja jina, kwa kuwa nina sifa za kukipa na lawama pia.

Uzoaji wenyewe ni mzuri. Vichochoro vyetu havipitishi gari, na hata punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja hulazimika kungoja. Jumatatu na Alhamisi, baada ya swala ya alfajiri, punda hupita na shogi zake, mzoaji hupiga hodi, na viroba huondoka kabla paka hawajavipasua. Mwaka mzima hawakufika mara 6 tu, nyingi zikiwa siku za mvua kubwa.

Kila nyumba hupewa viroba viwili, kimoja cha maganda, mifupa ya samaki na mabaki mengine ya jikoni, na kingine cha chupa na makopo. Utaratibu huo unalingana na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, inayotaka taka zinazooza zitengwe na zisizooza. Hata hivyo, mara mbili nimeshuhudia viroba vyote viwili vikimiminwa katika shogi moja, na nilipouliza nikajibiwa kuwa punda wa pili anaumwa. Jibu lilikuwa la kweli, maana mwenye punda ni jirani yangu, lakini mama aliyejisumbua kuchambua taka zake jana usiku akiliona jambo hilo, wiki ijayo hatachambua tena.

Kwa mtu wa kisiwani, hata hivyo, swali kubwa ni mahali mzigo unakoishia. Kila kinachoshushwa gatini, kiwe kimetoka Mokowe kwa boti au Mombasa kwa jahazi, ama kirudi bara ama kibaki nasi, na kikibaki huchomwa, hutapakaa ufuoni au hulundikana jaani, ilhali mji huu hutegemea maji ya mvua yaliyohifadhiwa chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Kikundi hupima plastiki ngumu na vyuma chakavu na kuviuza, na hapo sina neno. Chupa nyembamba za maji ndizo zinazowashinda, kwa sababu hujaza boti nzima bila kufikisha uzito wa maana, nauli ikala bei yote. Nimeona rundo lake nyuma ya ghala lao likikaa tangu Ramadhani. Pampasi hazina mnunuzi kabisa, wala sijapata maelezo ya kuridhisha kuhusu zinakopelekwa. Ni dhahiri kwamba ada yetu inalipia kuzoa, hailipii kusafirisha, na binafsi ningelipa shilingi 300 endapo tungesomewa hesabu ya kilichozolewa na kilichovuka bahari.

Habari njema ni kwamba kwa miezi minne iliyopita wameanza kuuza plastiki ngumu kwa wanaoiyeyusha hapa hapa kisiwani, jambo linaloondoa nauli ya bara. Lamu si wageni wa kazi hiyo: mwaka 2018 mafundi walioongozwa na Ali Skanda walishusha majini Flipflopi, chombo kilichoundwa kwa takribani tani 10 za plastiki na kupambwa kwa ndara zipatazo 30,000, na mwaka uliofuata kikasafiri hadi Zanzibar. Wengi wetu tulicheka kwanza.

Usafi wa ufuo haumo katika huduma hii, kwa hiyo taka zinazoletwa na kusi zisiwe kipimo cha kuwalaumu.

Nawapa nyota 4 kati ya 5 kwa uzoaji, na 2 kwa mwisho wa safari ya taka. Anayetaka kujiunga amwone mweka hazina wao kabla ya tarehe 5 ya mwezi. Viroba viwili vya kwanza ni bure, vikichanika hununuliwa, na risiti ni lazima uiombe mwenyewe.