Starlet ya manyuo, IST ya otomatiki na goti langu la kushoto

Kilichonifanya niachane na Starlet, Toyota yangu ndogo ya manyuo, yaani ya kukanyaga klachi na kubadilisha gia kwa mkono, nikahamia IST ya otomatiki, si injini, si bodi, si mafuta. Ni goti.

Naishi Buhongwa na biashara yangu ni dagaa, na dagaa wako soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Anayeijua Mwanza ameshanielewa. Natoka upande mmoja wa jiji, nalipita lote, natokea upande wa pili: Mkolani, Nyegezi, Butimba, Mkuyuni, Igogo, katikati ya mji, ndipo nishike Barabara ya Makongoro. Na pa kukwepea pa maana hakuna. Huku milima na mawe, kule ziwa, Barabara ya Kenyatta imebanwa hapo katikati na sote tunaitegemea hiyo hiyo, sisi na daladala na malori na bodaboda. Ndugu zangu wa Dar wakisikia Mwanza tunalalamikia foleni wanacheka. Kwa urefu, sawa, tumewaachia. Ila foleni nyingi za kwao ziko tambarare. Jiji letu limekaa juu ya mawe, na foleni ya kupanda mlima ni mnyama mwingine kabisa.

Starlet niliinunua mkononi kwa mtu, ya mwaka 1998, CC 1,300, gia tano. Nimeiendesha miaka sita na sitaisema vibaya. Ni nyepesi, spea zake hazitafutwi kwa tochi, na fundi yeyote wa chini ya mti anaifungua na kuifunga huku anaongea na simu. Betri ikikufia, unaomba vijana watatu, wanasukuma, unaweka gia ya pili, unaachia klachi, gari limewaka. Unawapa ya soda, maisha yanaendelea.

Tatizo lilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Gari la mbele linasogea hatua tatu, linasimama. Nawe unakanyaga klachi, gia ya kwanza, unaachia, unasogea hatua tatu, unakanyaga klachi, nyutro, breki. Kuna siku nilianza kuhesabu kuanzia Nyegezi, nikapita mia moja kabla ya kufika Igogo, nikaona najitafutia presha bure. Jioni nikirudi ni vile vile. Usiku naketi kitandani nachua goti la kushoto kwa dawa, baba watoto ananiangalia, anasema, "Mama, hilo goti ni la dereva wa semi."

Lakini goti ningelivumilia. Kilichoniondolea uvumilivu ni mlima wa Bugando.

Nilikuwa nampeleka mama kliniki. Ile njia ya kupandia hospitali mnaijua, na siku hiyo magari yalikuwa yamesimama mkia hadi chini: kuna mtu anamshusha mgonjwa mbele, kuna bajaji inataka kugeuza, kila mtu ana haraka yake. Nyuma yangu bajaji imenigandia, nadhani ningetoa mkono dirishani ningegusa kioo chake. Nikafanya kama tulivyozoea wengi wetu: nikabalansi. Klachi nusu, mafuta kidogo, gari limetulia mlimani bila breki kama limepigiliwa misumari. Nikajiona fundi. Dakika ya kwanza safi. Ya pili ikaanza harufu, kama kandambili iliyotupwa kwenye moto. Mama akauliza, "Nani anachoma plastiki hospitalini?" Foleni ikasogea, nikaongeza mafuta, injini ikapiga kelele na gari halipandi. Likazima. Likarudi nyuma kama shubiri moja hivi, dereva wa bajaji akaweka mkono kwenye honi na kupiga kelele, "Mama! Mama! Unarudi! Unarudi!" Nikavuta handbreki hadi mwisho. Mama yangu, mtu wa watu, akaufungua mlango taratibu na kuniambia, "Mwanangu, mimi nitatembea tu."

Na akatembea. Na alifika kabla yangu.

Fundi wangu wa Nyakato aliishusha giaboksi, akanitolea klachi pleti na kuniwekea mkononi. Kitambaa chake kilikuwa kimekwisha, vichwa vya ripiti vinang'aa, na presha pleti ina madoa ya bluu kama sufuria iliyosahauliwa jikoni bila maji. Akaniambia, "Dada, klachi wewe umeifanya breki." Seti nzima, yaani pleti, presha na beringi, pamoja na ufundi, ilinila laki mbili na themanini. Na hiyo ilikuwa klachi ya pili kuimaliza ndani ya miaka sita.

Kwa haki, fundi alisema kweli. Kubalansi mlimani ndiko kunakoua klachi. Pleti inasuguana na flaiwili, lile gurudumu zito la injini, bila kushika vizuri, moto unajaa, kitambaa kinaisha. Namna iliyo sahihi ni handbreki: gari likisimama unaivuta, unatia gia, unaachia klachi hadi usikie pua ya gari inataka kunyanyuka, ndipo unaishusha handbreki. Hapo hurudi hata inchi. Na mguu usipumzike juu ya pedeli ya klachi wakati gari linatembea, beringi inakufa. Nilijifunza, nikafanya hivyo mwaka mzima, na klachi ya tatu ilitulia. Lakini fanya hivyo mara mia kwa asubuhi, tena na goti bovu, halafu uje tuzungumze.

Basi nikanunua IST, Toyota nyingine. Ya mwaka 2004, CC 1,300 vile vile, otomatiki ya gia nne. Pale kijiweni kwetu kuna kaka zangu wanaosema otomatiki ni gari la wavivu. Sawa, mimi ni mvivu. Wiki ya kwanza mguu wa kushoto ulikuwa unatafuta klachi isiyokuwepo. Siku ya pili, karibu na Mkuyuni, nikakaribia gari la mbele, mguu ukashuka kwa nguvu kutafuta klachi, ukaikuta breki. Gari likasimama papo hapo na mzigo wote ukahamia mbele, nyumba nzima ikanuka dagaa, samahani, gari zima. Ukihamia otomatiki, mguu wa kushoto urudishe chini ya kiti na usiuite tena. Mguu mmoja tu ndio unaofanya kazi.

Baada ya hapo, raha. Kwenye foleni unaachia breki, gari linasogea lenyewe taratibu, unakanyaga, linasimama. Mlimani, foleni ikisogea, unahamisha mguu kutoka breki kwenda mafuta na halizimiki. Sababu yake si uchawi. Katikati ya injini na gia kuna chombo kilichojaa mafuta, toki konveta. Injini inayazungusha mafuta na mafuta yanazizungusha gia. Gari likisimama kwenye D, gia ya kwenda mbele, hakuna pleti inayosagika, ni mafuta yanayopiga mzunguko. Nimeshampeleka mama Bugando sijui mara ngapi, na sasa anasinzia njiani. Ila msidanganywe kwamba otomatiki hairudi nyuma kabisa. Kwenye mwinuko mkali sana, ukichelewa kuhamisha mguu, inarudi kidogo. Handbreki bado ina kazi.

Sasa upande wa lawama, maana upo. Yale mateso niliyokuwa nayapata mimi gotini, kwenye otomatiki yanayapata mafuta ya giaboksi. Yanachemka, yanachoka, lazima yabadilishwe, na yawe aina ile ile gari linayotaka. Langu linatumia aina inayoitwa T-IV, na imeandikwa hivyo kwenye kijiti cha kupimia. Mimi sikujua. Gereji moja, siitaji, nilipeleka gari kwa huduma ya kawaida, kijana akaniambia mafuta ya giaboksi yamepungua ila "ataongezea". Akaongezea alichokuwa nacho kwenye dumu. Baada ya wiki mbili, nikitoa P, ile ya kuegeshea, kwenda D, gari linafikiria kwanza. Sekunde moja, mbili, halafu linajirusha. Kutoka gia ya pili kwenda ya tatu injini inanguruma kabla gia haijashika. Nikarudi kwa fundi wangu wa Nyakato. Alichomoa kijiti, akakifuta kwa kitambaa cheupe, akakichomeka na kukichomoa tena, akaninusisha. Mafuta mazima ni mekundu na hayana harufu kali. Yangu yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyolala na yananuka kuungua. Akayamwaga, akajaza T-IV, nikaendesha siku chache, akamwaga tena na kujaza mapya, maana yakimwagwa mara moja hayatoki yote, mengine hubaki ndani ya konveta. Gia zikatulia. Nilikuwa na bahati. Angekuwa ametia hayo kwenye gari la sivitii, zile otomatiki za mkanda zilizomo kwenye baadhi ya Vitz, ningekuwa naongea lugha nyingine leo. Hizo zina mafuta yake peke yake na hazisamehe.

Kitu kingine, betri. Siku moja ilikata pale Mwaloni, saa ya watu kuwa wengi. Wabeba mizigo wanne, vijana wema, wakaja mbio na kushika bodi, "Mama weka gia ya pili, tunasukuma!" Nikawaambia hili halina gia ya pili ya kusukumia. Wakacheka hadi wakakaa chini. Otomatiki haiwashwi kwa kusukuma, ujue hilo, kwa hiyo tembea na waya za kubustia, za kuazima umeme kwenye betri ya gari lingine. Wala usikubali livutwe kwa kamba mwendo mrefu likiwa limezima, kwa sababu pampu ya mafuta ya giaboksi inazungushwa na injini. Injini ikilala, gia zinazunguka zikiwa kavu.

Na kuteremka mlima, huko ndiko otomatiki inakodai akili. Nimewaona wenzangu wanateremka kwa nyutro eti wanabana mafuta. Hubani kitu: gari la injini ya kisasa likiteremka ndani ya gia na mguu umetoka kwenye mafuta, lenyewe linakata mafuta kwa injini. Unachokichosha ni breki zako, hadi ziungue. Natokea Bugando naweka 2, pakiwa pakali zaidi L, zile gia za chini, injini inalishika gari, mimi nagusa breki mara moja moja.

Mafuta ya petroli? Kwenye foleni sikuona tofauti ya kunifanya nilie. Safari ndefu Starlet iliishinda IST, japokuwa si kwa mbali. Siku nikienda Sengerema, nikipita Daraja la JP Magufuli lililofunguliwa Juni 2025, ile kilometa 3 juu ya maji bila kusubiri pantoni, naikumbuka Starlet kweli: gia ya tano, dirisha wazi, mkono umekaa juu ya gia. Barabara ikiwa wazi, manyuo ina utamu wake na sitabishana na mtu.

Kwa hiyo dada yangu alipouliza anunue lipi, nilimuuliza kwanza anakaa wapi na anapita wapi. Yeye yuko Misungwi, mjini anakuja mara moja kwa wiki, na mume wake ana shamba. Nikamwambia achukue manyuo. Angekuwa anakaa Igoma au Buhongwa na kufanya kazi mjini kila siku, ningemwambia otomatiki ya kawaida ya gia nne, na kabla hajatoa hela akague mafuta ya giaboksi: injini imepata moto, inaunguruma, lipeleke rivasi, D, lirudi P, ndipo uchomoe kijiti na unuse. Muuzaji asipokubali, hilo ni jibu.

Starlet sikuiuza mbali. Aliichukua huyo huyo dada yangu, na klachi yake ya tatu. Mimi IST yangu ina mwaka wa tatu, mwezi ujao mafuta ya giaboksi yanabadilishwa tena. Makopo ya T-IV nimeshanunua mwenyewe, yako chini ya kiti cha abiria, na fundi atayafungua mimi nikiwa nimesimama pale pale.